Nyumba Yetu Kwenye Nyimbo za Watu

Nyumba yetu imeonekana kwenye klipu nyingi kuliko mwimbaji yeyote wa Kalemie ninayemfahamu, na haijawahi kuimba hata mstari mmoja.

Mara ya kwanza niliiona nikiwa kazini. Wakati huo nilikuwa na kibanda cha kuchaji simu karibu na soko, chenye kompyuta moja ya kuwaingizia watu nyimbo na klipu. Siku hiyo alikuja dereva wa pikipiki, mmoja wa wale wanaobeba watu na mizigo hadi Manono, akataka kujaza nyimbo kwenye simu yake kabla ya safari. Wateja wangu hawakuwa na desturi ya kutaja jina la wimbo. Walitaja kinachoonekana. Niwekee ile ya mwanamke anayemwaga mchele. Niwekee ile ya wazee wanaocheza juu ya reli. Huyu naye, akiniita yaya kama watu wanavyomwita kaka au dada mkubwa, akasema:

"Yaya, niwekee ile ya mutumbwi unaingia mu nyumba."

Sikuwa nayo. Akaazima simu ya mwenzake, nikainakili, nikaifungua kidogo kuhakikisha haijaharibika. Kijana mwenye koti jekundu amesimama ndani ya mtumbwi, anaimba kwamba mapenzi yamemzamisha. Mtumbwi unasogea polepole, unafika kwenye nyumba isiyo na mlango, unaingia hadi sebuleni. Ukuta wa sebule ni wa kijani. Juu ya kichwa cha kijana pana msumari. Msumari ule niliujua vizuri, kwa sababu ndipo tulipotundika kalenda ya parokia kila mwaka, mpya juu ya ya zamani, mpaka msumari ukaanza kuinama.

"Iko muzuri, eh?" dereva akaniuliza.

Nikamwambia iko muzuri. Nikamwingizia klipu, akaondoka kwenda Manono na sebule yetu mfukoni. Nyumba yetu ilifika Manono kabla yetu. Sisi hatujafika mpaka leo.

Watu wa mbali huuliza kama ni dhoruba iliyoleta maji. Haikuwa dhoruba. Ziwa lilikuwa likipanda kwa muda mrefu, taratibu, kama mgeni anayesogeza kiti chake kidogo kidogo kuelekea mezani. Kwanza lilichukua bustani za watu wa mbele yetu, halafu choo cha jirani, halafu barabara. Asubuhi moja ya mvua mawimbi yakaingia ndani na kulowesha magodoro, na tukahama. Tulibeba magodoro, masufuria, mashine ya kushonea ya Mama, na mlango.

Mlango ulikuwa wazo la Papa, baba yangu. Papa ni mwashi. Nyumba ile aliijenga mwenyewe, tangu kufyatua matofali na kuyachoma mpaka kupiga msumari wa mwisho juu ya paa. Majirani waliokuwa wanahama walipanda juu wakang'oa mabati, kwa sababu bati ni mali na maji hayana huruma. Papa hakuyagusa yake. Alisema anayeng'oa mabati amekwisha kuizika nyumba. Mlango aliung'oa kwa sababu nyingine: mawimbi yangeupasua, na siku nyumba itakapokauka atauhitaji. Ndiyo maana mtumbwi ulipata pa kuingilia. Nilipomweleza hivyo baadaye, hakufurahi.

Tulikwenda mlimani kwa mdogo wa Papa, tukapewa vyumba viwili. Mlango ukaegemezwa ukutani kwenye korido, na kila aliyepita alipita upande upande. Mke wa baba mdogo alikuwa mtu mwema kabisa, na jiko lilikuwa lake. Mama yangu, aliyesonga bukari kwenye jiko lake mwenyewe tangu alipoolewa, sasa alikuwa anauliza chumvi iko wapi. Akijibiwa, anashukuru. Kesho yake chumvi imehamishwa, anauliza tena. Hakuna aliyegombana na mtu. Mama alipungua tu, na nguo zake zikaanza kuonekana kama za dada yake mkubwa.

Kaka yake Mama alikuwa na kiwanja kikubwa huko huko mlimani. Akatuma neno kwamba atatumegea kipande, ila tuanze kujenga kabla ya mvua kuanza tena, maana kuna mtu mwingine anayekiomba na hawezi kumzungusha milele. Mama alimfikishia Papa habari hiyo akiwa amevaa kitenge chake cha Jumapili, ingawa ilikuwa Jumanne.

"Mimi niko na nyumba," Papa akasema.

Hapo ndipo maisha yetu yalipokwama. Mama alitaka jiko. Papa alikuwa na nyumba. Nyumba ilikuwa ndani ya ziwa.

Jambo la kushangaza ni kwamba Papa hakutaka kwenda kuiangalia. Alisema hawezi kuitembelea nyumba yake kama mtu anayetembelea mgonjwa. Atarudi siku ya kuingia, na mlango wake. Habari za majirani hakuzitaka pia, na kwa hilo simlaumu. Huyu alisema maji yameshuka kiganja kizima, yule akasema yamepanda, na wote wawili walikuwa wametoka ziwani asubuhi ile ile.

Kwa hiyo nilipoleta klipu ya koti jekundu nyumbani, sikujua nitapokewaje. Tulikaa uani, sisi watatu. Papa alishika simu mbali na macho, Mama akasogeza kichwa karibu, na kijana akaanza kuzama katika mapenzi.

"Munaona kijani yangu?" Mama akasema.

Rangi hiyo ilikuwa na historia yake. Papa alitaka chokaa nyeupe, akasema nyumba ya kijani itafanana na maternite na wanawake wenye mimba watakuja kupiga hodi. Mama alishinda kwa kununua rangi Papa akiwa safarini Moba. Miaka yote Papa aliendelea kuisema ile rangi, si kwa hasira, bali kama mtu anavyoendelea kusema habari za goti lake bovu. Sasa ilikuwa kwenye simu, imewaka vizuri juu ya maji, na hata Papa aliona kwamba chokaa isingewaka hivyo. Lakini alikuwa na shughuli nyingine. Alikuwa ameweka kidole juu ya kioo cha simu, anajaribu kumsukuma mwimbaji pembeni.

"Toa huyu mutu."

"Papa, huyu ndiye mwimbaji."

"Anafunika ukuta."

Alitaka kuona maji yamefika wapi. Aliyajua matofali yake, mstari kwa mstari, na mtu akimwonyesha ukuta aliweza kusema maji yamekula kiasi gani. Tangu siku hiyo Papa akawa mpenzi wa muziki. Kila jioni nikirudi aliniuliza kama kuna klipu mpya, na baba mdogo, ambaye hakujua sababu, aliwaambia watu kanisani kwamba uzee umemlegeza kaka yake.

Na klipu mpya zilikuwepo. Mtu mmoja akipata mahali pazuri pa kupigia klipu, wengine hawakawii. Kwaya moja ilijipanga uani kwetu, maji magotini, sare za kitenge zimelowa mpaka kiunoni, ikaimba jinsi watu wa Mungu walivyovuka bahari kama katika nchi kavu. Mwimbaji mwingine alikaa juu ya bati letu, miwani myeusi usoni, minyororo shingoni, akaimba kwamba ana majumba matatu na halali kwenye moja siku mbili mfululizo. Papa alimtazama huyo kwa makini kuliko wote.

"Anakalia misumari," akasema. "Bati litavuja."

Mama akamwangalia. Nyumba ilikuwa na ziwa zima ndani yake.

Kwa kukaa kibandani na kutazama wateja wakitazama, nilianza kuelewa kazi ya klipu. Mtu anadhani anapenda wimbo, kumbe jicho lake ndilo lililonunua. Wimbo wa koti jekundu ulikuwa wa kawaida, sauti ya kijana ilikuwa nyembamba, na mpiga gitaa alikuwa na haraka ya kwenda mahali. Lakini mtumbwi ulipoingia mlangoni, kila mteja aliinama kuelekea simu. Walirudisha pale pale, mara nyingi, na kwa kurudisha pale wakaujua wimbo, na kwa kuujua wakaupenda. Wimbo wenyewe hauulizi picha inatoka wapi. Maji yale yale, kwa mpenzi ni machozi. Kwa kwaya ni wokovu. Kwa yule wa minyororo sijui ni nini, labda ni bwawa la kuogelea. Hakuna aliyeimba kwamba pale palikuwa na watu waliokula bukari na ndakala, dagaa wa ziwa lile, saa saba mchana, na mama mmoja akawaambia wasimwage mchuzi kwenye kitambaa.

Nilikasirika. Niliendelea pia kuwaingizia watu klipu hizo, kwa kuwa ndizo walizoziomba. Chini ya mojawapo, kwenye mtandao, watu wa miji ya mbali walikuwa wameandika kwamba dekori ni kali. Mmoja aliuliza ni fundi gani aliyeijenga. Nilianza kumjibu kwamba ni Papa, kisha nikafuta, maana ningelazimika kueleza na mengine.

Halafu ikatoka klipu ya akina mama wa ngoma.

Hao ni kikundi cha wanawake wanaocheza kwenye harusi. Wimbo wao ulimkaribisha bibi harusi nyumbani mwake: ingia, mama, hapa ni kwako, kiti ni chako, chungu ni chako. Walicheza uani kwetu, na uani kwetu palikuwa pakavu. Nyuma yao maji yalifika kizingitini tu, yanalamba na kurudi. Ndani, ukuta wa kijani ulikuwa mkavu mpaka chini.

Papa alisimama. Ilikuwa kiangazi, na mlima mzima ulikuwa ukisema kwamba ziwa limeanza kurudi nyuma. Sasa alikuwa ameona mwenyewe.

"Maji imeshuka."

Mama alikuwa bado anatazama. "Papa, angalia mupapai."

Pembeni mwa uani palikuwa na mpapai wetu, umesimama na majani yake na mapapai yake. Kwenye klipu ya kwaya mti huo ulikuwa kijiti.

"Ule mupapai ulikufa," Mama akasema.

"Muti unaweza kuota tena."

"Na matunda?"

"Mama, wewe unaangalia mapapai. Mimi naangalia musingi."

Nasema wazi kwamba na mimi niliuona mpapai, na mimi pia nilichagua kuangalia msingi. Nilitaka kurudi nyumbani. Mama mwenyewe akaenda kuosha magodoro ya kurudi nayo.

Jumamosi tukafunga safari. Papa alikodi puspusi, kile kigari cha kusukuma, tukaulaza mlango juu yake. Yeye alitangulia mbele amevaa nguo za kazi, ufunguo mfukoni. Mama alitembea pembeni ameushika mlango kwa mkono mmoja, na mimi nilifuata nyuma na ufagio. Njiani watu walitupongeza. "Munarudia? Mungu ni mukubwa!" Papa aliwapungia mkono. Mwenye puspusi, ambaye hakujua lolote, naye akaanza kupunga.

Mtaani kwetu barabara iliisha kabla ya kona. Iliingia ndani ya maji tu, kama vile ndivyo ilivyochorwa. Mwanamke mmoja alikuwa anafua nguo hapo hapo barabarani, amekaa juu ya jiwe ambalo zamani lilikuwa hatua ya duka.

"Papa, munapeleka mulango wapi?"

"Kwetu. Ile ya kijani."

Mwanamke akageuka akaitazama nyumba, akautazama mlango, akarudi kufua.

Maji yalikuwa yamefika madirishani. Mpapai ulikuwa kijiti. Na mbele ya nyumba palikuwa na mitumbwi miwili: mmoja una spika kubwa inayopiga wimbo, mwingine una binti aliyevaa gauni la dhahabu, anachezesha midomo. Kijana mwenye kamera alikuwa majini mpaka kifuani. Alitutazama kupitia kamera yake, akainua mkono.

"Papa! Tafazali, musogee kidogo! Munaonekana mu picha!"

Papa alisogea. Alimwambia mwenye puspusi arudi nyuma, wakarudi nyuma wote wawili na mlango, mpaka kijana akainua kidole gumba kuonyesha kwamba sasa ni sawa. Nimewahi kuona mambo mabaya zaidi ya hayo, lakini hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Baba yangu alisogea ili asiharibu picha ya nyumba yake.

Wimbo ulipokwisha nikavua viatu nikaingia majini kumfuata yule kijana. Nilikuwa nimepanga maneno makali. Nikamwuliza inawezekanaje klipu iliyotoka juzi ionyeshe ua mkavu.

"Ile ya bamama? Ile ni ya zamani, yaya. Tuliipiga zile siku za kwanza, maji ilikuwa inaingia na kutoka. Halafu wakaanza kubishana nani atasimama mbele. Miezi yote nimekaa na picha, wanabishana. Wamepatana sasa." Akanitazama vizuri, akautazama mlango kule barabarani. Nadhani ndipo alipoona kwamba upana wake unalingana na ule uwazi aliokuwa anapitishia mitumbwi. "Kumbe njo kwenu hapa?"

"Ndiyo, njo kwetu."

"Pole, yaya. Pole sana. Mimi nilizani ni nyumba tu." Alisimama pale majini, hajui afanye nini na kamera. "Waimbaji wananisumbua wanaitaka. Maji inavuta watu. Hata wimbo mubaya, maji inaubeba."

Maneno makali niliyokuwa nayo sikuyatumia. Alikuwa anatetemeka kwa baridi.

Kupanda mlima na mlango ni kazi kuliko kushuka nao. Wale waliotupongeza walitusalimia tena, kwa sauti ndogo zaidi, na mwenye puspusi hakumpungia mtu. Jioni hiyo mlango ulirudi kwenye korido. Papa hakuuliza klipu mpya siku hiyo, wala zilizofuata. Aliacha muziki kabisa.

Kaka yake Mama akatuma neno tena kwamba mvua inakaribia na yule mtu mwingine amekuja na mashahidi wake. Mama alilisema mara moja tu, wakati wa kula.

"Nyumba ingali inasimama," Papa akajibu. "Nimeiona kwa macho yangu."

Mama akainama akamaliza chakula chake. Nilimwonea huruma kiasi kwamba nilitamani nyumba ianguke. Nikaona aibu kutamani hivyo, halafu nikatamani tena.

Siku chache baada ya mvua za kwanza za rasharasha, yule kijana wa kamera akaja kibandani. Alikuwa amechomekea shati. Akaniomba nimpeleke kwa Papa, na kwa jinsi alivyoshika mkoba wake kifuani nikajua. Nikafunga kibanda.

Papa alimpa kiti. Kijana hakukikalia sawasawa. Akasema ukuta wa upande wa ziwa umeanguka, ule wa sebule. Alikuwa anapiga picha za kwaya moja, waimbaji wametoka kupumzika, kamera akaiacha inaendelea juu ya vyuma vyake. Hakuna aliyeumia. Picha anayo. Lakini hawezi kuitumia bila kuuliza, kwa sababu sasa anajua ni kwa nani.

Muda wote huo, watu wote hao, yeye alikuwa wa kwanza kuuliza.

"Onyesha," Papa akasema.

Kijana akafungua kompyuta yake ndogo juu ya magoti. Tukaona nyumba, mchana, hakuna mtu. Upepo unasikika kwenye kamera. Maji yanapiga ukuta na kurudi, yanapiga na kurudi, kwa muda mrefu, mpaka mke wa baba mdogo aliyekuwa amesimama nyuma yetu akauliza kama imekwama. Halafu ukuta ukainama kidogo kuelekea ziwani, kama mtu anayetaka kusikia vizuri, ukaenda. Sauti yake ilikuwa ndogo, ya gunia kuangushwa chini. Nyuma ya kamera kijana alisikika akimwita mama yake.

Ndipo nilipogundua kwamba hatujawahi kuiona nyumba yetu bila wimbo tangu tulipohama, isipokuwa ile nafasi fupi baada ya spika kuzimwa, na hapo nilikuwa namtafuta mtu wa kugombana naye. Bila wimbo haikuwa machozi wala wokovu. Ilikuwa nyumba ndani ya maji, na sasa ilikuwa haina ukuta mmoja. Nililia. Mama alisema, "Kijani yangu."

Papa hakulia. "Utaweka wimbo gani?"

"Ni ya ile kwaya, Papa. Wanaimba ya kama kilichoanguka kitasimama."

"Kitasimama namna gani?"

Kijana akafikiri. "Ni wimbo, Papa."

Papa akatazama kompyuta iliyokuwa imezimika. "Weka. Lakini usiweke mutu mbele yake."

Klipu ilinifikia kibandani kabla ya kutoka kwa watu. Kijana aliileta mwenyewe, akaniomba niipeleke nyumbani kwanza. Nilikaa uani na Papa na Mama, kama ile siku ya koti jekundu. Papa alishika simu mbali na macho, bila hamu.

Kijana alikuwa ametimiza ahadi. Kwaya iliimba ikiwa kanisani, mahali pakavu, na kila picha ilipohamia kwenye nyumba, nyumba ilikuwa peke yake. Ngoma ikapigwa, ukuta ukaanguka. Halafu sauti zote zikaingia kwenye kiitikio, na maji yaliyoruka yakaanza kurudi yalikotoka. Povu likafunga. Kutoka ndani ya ziwa ukuta ukainuka, ukajinyoosha, ukasimama mahali pake, wa kijani, mzima, na msumari wake wa kalenda.

Mama alishika mkono wangu.

"Rudisha pale," Papa akasema.

Nikarudisha. Ukuta ukaanguka, ukainuka.

"Rudisha."

Sijui tulirudisha mara ngapi. Nilimweleza kwamba ni mashine tu, picha inaendeshwa kinyumenyume, kama kurudi nyuma na gari. Akasema amenisikia. Akaendelea kutazama, simu sasa ipo karibu kabisa na uso wake, na kila ukuta ulipoinuka, kidevu chake kilipanda nao kidogo. Nilifikiri hilo ndilo litakalokuwa jambo lake sasa, mpaka mwisho, kukaa uani na kuisimamisha nyumba kwa kidole. Niliogopa.

Kisha akanirudishia simu.

"Uongo," akasema. "Ukuta haupande hivi. Unapanda tofali moja moja."

Ndani ya nyumba mke wa baba mdogo alikuwa anahamisha masufuria.

"Mabati ingali mizima," Papa akasema, akitazama mbele. "Kesho twende tuyang'oe. Tukichelewa, yule wa minyororo atayakalia tena."

Mama aliinuka haraka akaingia kwenye lile jiko lisilo lake, akakaa huko muda mrefu, na hakuuliza chumvi iko wapi.

Tulikwenda na mtumbwi wa kukodi. Papa alipanda juu mwenyewe, na misumari aliyoipiga aliing'oa mmoja mmoja, akaitia mfukoni. Kwa desturi yake ya kazi angeimba kidogo. Hakuimba. Bati la mwisho liliposhuka, alikaa juu ya ukuta uliobaki, miguu imening'inia, akaangalia chini ndani ya sebule, na sisi tukamsubiri bila kumwita.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta kwenye kiwanja cha mlimani. Hapakuwa na tofali hata moja. Alikuwa ameulaza mlango juu ya majani, amepiga magoti, anaupima upana, na pande zote mbili amechomeka vijiti. Mama alikuwa amesimama hatua chache nyuma yake, mahali ambapo bila kuuliza mtu nilijua ni jikoni.

"Itakuwa kijani," Mama akasema.

Papa aliendelea kupima. Safari hii hakubisha.